Nilikata jina kwa kalamu kwenye wosia wangu wa zamani. Je, bado una nguvu?

*"Nina miaka 47. Miaka kumi iliyopita, baada ya talaka, niliandika wosia mbele ya mashahidi wawili. Nyumba na akiba yangu niliwaachia wanangu wawili, na mama yangu nikamweka awe msimamizi hadi wakue. Miaka saba iliyopita niliolewa tena, na mimi na mume wangu tuna mtoto wa miaka 5. Binti yangu wa kwanza sasa ana miaka 21. Mdogo wake ana 16, ana ulemavu wa akili na atahitaji mtu wa kumwangalia maisha yake yote. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Nilichukua kalamu nikakata jina lake, nikaandika la dada yangu pembeni, nikatia saini na tarehe. Hati ya nyumba sasa ina majina mawili, langu na la mume wangu. Fomu za mfuko wa pensheni na za bima ya maisha nilizijaza kabla sijaolewa tena, na jina lililomo ni la mama. Mume wangu ni mtu mwema, lakini nahofia nikitangulia mimi, wanangu wa kwanza watabaki mikono mitupu. Nafikiria kumwita dada na rafiki yangu mmoja waje kushuhudia yale marekebisho. Je, itatosha?"*

Haitatosha, dada yangu, na nashukuru umeuliza kabla hujawaita. Hofu yako ina msingi, ila macho yako yako kwenye lile jina lililokatwa wakati kuna mambo matatu makubwa kuliko hilo. Huenda ndoa yako ya pili iliufuta wosia mzima. Huenda nyumba haimo tena kwenye mali unayoweza kuigawa kwa wosia. Na fedha za pensheni na bima zinafuata karatasi nyingine kabisa. Yote haya yanarekebishika maadamu uko hai na akili yako ni timamu, lakini yanataka wosia mpya pamoja na marekebisho kwenye hati nyingine, kwa sababu kuuongezea mashahidi ule wa zamani hakutayagusa. Hukutaja unaishi nchi gani, na sheria za mirathi hutofautiana, kwa hiyo nitaeleza kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi na kukuonyesha zinapoachana.

Tuanze na kalamu. Wosia husomwa siku ambayo mwenyewe hawezi tena kuulizwa alimaanisha nini, au kama ni yeye aliyeandika. Ndiyo maana sheria haitosheki na maneno yake peke yake. Inataka ushahidi wa nje kwamba maneno hayo ni yake na aliyasema kwa hiari. Nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza hufuata mtindo wa Sheria ya Wosia ya 1837: wosia uwe wa maandishi, mwenyewe atie saini, na mashahidi wawili walio mahali pamoja kwa wakati mmoja wamwone akitia saini au akikiri kwamba saini ile ni yake, kisha nao watie zao mbele yake. Ufaransa ina njia nyingine. Kifungu cha 970 cha Kanuni ya Kiraia kinakubali wosia usio na shahidi hata mmoja, alimradi wote umeandikwa kwa mkono wa mwenyewe, una tarehe na una saini yake. Ukiuchapa kwa kompyuta na kutia saini tu, haufai. Karatasi ileile inaweza kuwa halali nchi moja na kutokuwa na thamani yoyote nchi ya jirani, kwa hiyo usinakili mfano wa wosia ulioupata mtandaoni kabla ya kujua uliandikwa kwa sheria ya wapi.

Chini ya mfumo wa mashahidi wawili, badiliko lolote linalofanywa baada ya saini ni kama wosia mdogo: nalo linahitaji saini na mashahidi wake. Lako lina saini yako tu. Kinachotokea hapo ni kwamba mahakama inasoma kilichokuwapo awali. Kama jina la mama bado linasomeka chini ya mstari, linahesabika kuwa lipo, na la dada yako ni kama halikuandikwa. Kama ulilifuta kwa wino mzito hadi hakuna jicho linaloweza kulisoma, hapo ni vibaya zaidi, maana la mama limeondoka na la dada halikuingia. Kwa msimamizi pengo hilo linaweza kuzibwa, kwani mahakama huteua mtu mwingine. Lakini watu hufanya hivyohivyo kwenye mafungu ya watoto, wakafuta "nusu" na kuandika "robo tatu", na fungu lililofutwa kabisa linakuwa halina mwenyewe. Usiongeze hata nukta moja kwenye karatasi hiyo.

Kuna kitu kinachoitwa nyongeza ya wosia, yaani waraka wa pembeni unaobadilisha kifungu kimoja na kuacha vingine kama vilivyo. Nao hutiwa saini na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Unafaa kwa jambo dogo, kwa mfano kumbadilisha msimamizi aliyefariki pale ambapo mengine yote yamebaki vilevile. Kwako hayakubaki vilevile. Una mume, una mtoto wa tatu, umiliki wa nyumba umebadilika.

Sasa ndoa. Uingereza na Wales, na pia Kenya chini ya Sheria ya Urithi, kuoa au kuolewa kunaufuta wosia ulioandikwa kabla, isipokuwa kama wosia wenyewe ulionyesha kwamba uliandikwa kwa kutarajia ndoa na mtu fulani aliyetajwa. Hakuna anayekutumia barua kukujulisha. Unatoka kwenye sherehe ya ndoa, na karatasi iliyo kabatini imekwisha nguvu. Scotland hali ni tofauti, ndoa haiufuti wosia, na majimbo mengi ya Marekani huuacha wosia uendelee huku yakimpa mwenzi mpya fungu lake kwa mujibu wa sheria. Kama unaishi mahali penye kanuni ya kwanza, basi tangu ulipoolewa miaka saba iliyopita umekuwa mtu asiye na wosia, na ukifariki leo mali yako itagawanywa kwa jedwali la sheria, yaani mpangilio uliowekwa wa nani apate kiasi gani pasipo wosia. Jedwali hilo humtanguliza mwenzi, halimjui mwanao mwenye ulemavu kwa namna yoyote ya pekee, wala halimteui mlezi uliyemtaka wewe.

Talaka hufanya kazi kwa namna nyingine. Sehemu nyingi haiufuti wosia mzima, bali humchukulia mtalaka kana kwamba alifariki siku ndoa ilipovunjwa rasmi, na mafungu mengine hubaki. Kutengana bila talaka rasmi hakubadilishi chochote. Watu wawili wanaweza kuishi mbalimbali miaka mingi, kila mmoja na mwenzi mwingine, na bado wosia wa zamani ukampa mali yule aliyeachwa kwa mdomo tu. Wewe uliandika wosia baada ya talaka, na hapo ulifanya vyema.

Kuhusu dada yako kuwa shahidi: usimwite. Katika nchi zinazofuata mtindo wa Uingereza, shahidi wa wosia hupoteza fungu aliloachiwa humo, na mume au mke wa shahidi hupoteza vilevile. Wosia hubaki halali. Fungu la shahidi peke yake ndilo linaloanguka. Kama hujamwachia dada chochote na unataka awe msimamizi tu, huenda sheria isimzuie kushuhudia, lakini huna sababu ya kujitafutia ubishi. Tafuta watu wawili wazima, wenye akili timamu, wasiorithi chochote, wasiooana na anayerithi, na ambao kwa kawaida ya umri wanaweza kuwa hai wakihitajika kutoa ushahidi. Majirani au wafanyakazi wenzako wanafaa kabisa. Hawana haja ya kusoma yaliyomo; wanashuhudia saini, siri zako hazimo katika kazi yao.

Nije kwenye dhana potofu kubwa kuliko zote, ile ya kwamba wosia unagawa kila ulicho nacho. Unagawa kile tu kinachohesabika kuwa mali yako unapofariki na ambacho hakina njia yake nyingine ya kupita. Bima ya maisha yenye jina la mnufaika humlipa aliyetajwa kwenye fomu, hata wosia ukisema vingine. Mifuko ya pensheni nayo hutazama fomu yake ya uteuzi. Mingine hufungwa na jina lililomo, mingine wadhamini wake, yaani waliokabidhiwa kuusimamia, hulichukulia kama ombi na kuamua wenyewe wakiangalia nani alikuwa anakutegemea. Akaunti ya benki ya pamoja mara nyingi humwangukia mwenye akaunti aliyebaki. Kwako mteule ni mama, naye ametangulia. Kama fomu haina mteule wa pili, fedha hizo zitarudi kwenye mirathi au zitagawanywa kwa kanuni za mfuko, na hadi hilo liamuliwe zinaweza kukaa muda mrefu bila kulipwa, wakati ambao watoto wanahitaji ada na chakula. Hili ndilo jambo la kwanza la kufanya, kwa kuwa halihitaji wakili wala mashahidi wa wosia: omba fomu mpya kwa kila mfuko na kila kampuni ya bima, andika wanufaika kwa majina kamili na asilimia zinazofika 100, weka na mbadala, kisha udai nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Fomu iliyojazwa ikaachwa kwenye droo ya ofisi haijafika popote. Kwa kijana wako wa miaka 16 usiandike jina lake moja kwa moja kwanza. Nitaeleza sababu huko chini.

Halafu nyumba, ambako ndiko hofu yako ilipo hasa. Majina mawili kwenye hati yanaweza kumaanisha vitu viwili tofauti kabisa. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambamo mmoja akifariki mwingine anakuwa mmiliki wa nyumba nzima papo hapo, na wosia hauna la kusema. Kuna umiliki wa hisa, ambamo kila mmoja ana fungu lake, iwe nusu kwa nusu au vinginevyo, na fungu hilo linapita kwa wosia wake. Majina mawili hayatoshi kukuambia ni upi. Chukua nakala mpya ya hati au ya rejista kwenye ofisi ya ardhi na usome maneno yanayofuata majina. Kama ni aina ya kwanza, basi hata uandike wosia mzuri namna gani, ukitangulia wewe nyumba yote ni ya mume wako, naye anaweza baadaye kumwachia mtoto wenu wa miaka 5 peke yake, au mke mwingine, bila kuvunja sheria yoyote. Habari njema ni kwamba sehemu nyingi umiliki wa pamoja unaweza kubadilishwa kuwa wa hisa. Mahali pengine mmoja anaweza kufanya hivyo kwa kumpa mwenzake taarifa rasmi, mahali pengine wote wawili hutia saini, na kama kuna mkopo wa nyumba, benki lazima ijue. Fanya hili kwa kuzungumza na mume wako. Mume aliyekuja kugundua jambo hili kwenye msiba hataamini tena kifungu kingine chochote ulichoandika.

Ukishakuwa na hisa yako, una njia tatu za kweli, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kumwachia mume hisa yako ukitumaini atawagawia watoto wote watatu baadaye. Watu wengi huandika wosia wa namna hii wawili wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake na kisha watoto wote. Ni rahisi na unampa mume utulivu kamili. Udhaifu wake ni kwamba aliyebaki kwa kawaida anaweza kuandika wosia mwingine kesho yake, na hata akiwa mwaminifu, anaweza kuoa na ndoa hiyo ikafuta wosia wake kama nilivyoeleza. Watoto wako wa kwanza watakuwa wanategemea hiari ya mtu ambaye hawana haki ya kisheria kwake. Kwa hali yako siishauri.

Ya pili ni kuwaachia watoto hisa yako moja kwa moja. Inawalinda wao na kumweka mume katika hali ngumu: anakuwa mmiliki mwenza na watoto wa kambo, na sehemu nyingi mmiliki mwenza anaweza kwenda mahakamani kuomba nyumba iuzwe. Isitoshe, mtoto wa miaka 5 na yule mwenye ulemavu hawawezi kumiliki na kutia saini wenyewe, hivyo kila ukarabati utahitaji mdhamini au mahakama.

Ya tatu ni kumpa mume haki ya kuishi humo maisha yake yote, au hadi tukio fulani, na hisa yenyewe ikawa ya watoto, wakiipokea haki hiyo itakapokwisha. Kwa familia iliyochanganyika kama yenu, mara nyingi hii ndiyo yenye uwiano. Lakini huharibika pale inapoandikwa kwa sentensi moja. "Mume wangu aishi katika nyumba hadi kufa kwake" ni maneno yanayozaa kesi, kwa sababu hayasemi nani analipa kodi ya ardhi na bima ya nyumba, nani anakarabati paa, kama anaweza kupangisha vyumba na kodi ni ya nani, kama haki inakoma akioa tena, kama anaruhusiwa kuuza na kununua nyumba ndogo masharti yaleyale yakaendelea, na itakuwaje akihamia kwa mwanaye na kuiacha nyumba tupu. Kila moja ya maswali hayo litolewe jibu kwa maandishi. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayekaa hulipa gharama za kila siku na matengenezo madogo, na matengenezo makubwa ya jengo hugharimiwa na wenye mali, lakini mnaweza kupanga vingine. Ongeza pia nani ni mdhamini wa hisa hiyo, na asiwe mume peke yake wala binti yako peke yake. Wawili pamoja, au mtu wa tatu, ni salama zaidi.

Unaweza pia kuchanganya: nyumba impe mume usalama mkubwa zaidi, na bima ya maisha iwaendee watoto wa ndoa ya kwanza. Bima hulipa taslimu na haihitaji kuuza kitu, kwa hiyo hupunguza ugomvi. Kosa ninaloliona hapo ni kuweka kila kitu juu ya bima ya kazini, ambayo hukoma siku unapoacha kazi.

Sasa watoto. Mlezi uliyemtaja kwenye wosia kwa kawaida hachukui nafasi ya mzazi aliye hai. Kama baba wa watoto wako wa kwanza yupo na hakuondolewa haki zake na mahakama, yeye ndiye atakayetazamwa kwanza kwa huyo wa miaka 16, na kumwandika dada yako peke yake hakutamzuia. Mwandike dada hata hivyo, eleza kwa barua ya pembeni kwa nini umemchagua, maana mahakama inapoamua maslahi ya mtoto hupenda kujua mawazo ya mzazi. Umuulize kwanza kama yuko tayari. Mtu anayelea na mtu anayeshika fedha si lazima wawe mmoja. Mara nyingi ni heri wawe wawili, mmoja akimwomba mwenzake hesabu.

Kwa mwanao mwenye ulemavu, usimwachie fedha mkononi, wala usimwachie dada yake fungu kubwa "kwa niaba yake" bila masharti. Fungu lililo mkononi mwake linaweza kumfungia msaada wa serikali unaotolewa kwa wasio na mali, au likaishia kwa wa kwanza aliyejua kumbembeleza. Fungu alilopewa dada bila masharti ni la dada: akifilisika wadai wake watalichukua, akiachika linaweza kuingia kwenye mgawanyo wa talaka yake, na akifariki linawaendea warithi wake. Kinachofaa ni amana: wosia unawakabidhi wadhamini wawili au watatu fedha wazitumie kwa matunzo yake, matibabu, makazi na starehe zake, kwa busara yao, na unaeleza kitakachobaki baada yake kitakwenda kwa nani. Ukishakuwa na amana hiyo, fomu za bima na pensheni zinaweza kuitaja kuwa mnufaika pale kanuni za mfuko zinaporuhusu. Ndiyo sababu nilikuambia usikimbilie kuandika jina lake. Sehemu hii usiiandike mwenyewe hata kama mengine yote utayaandika.

Ujue pia mipaka. Nchi nyingine hazikuachii uhuru wa kugawa kila kitu. Ufaransa mtoto mmoja ana haki ya nusu ya mali, wawili theluthi mbili, watatu au zaidi robo tatu, na unachoweza kuwapa watu wengine ni kile kinachobaki. Uingereza hakuna mafungu ya lazima namna hiyo, ila mwenzi, mtoto au mtegemezi aliyenyimwa anaweza kuiomba mahakama impe cha kutosha, chini ya sheria ya 1975. Kenya nayo inawapa wategemezi mlango kama huo. Na kama mirathi yako inafuata sheria ya Kiislamu, wosia hauzidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya gharama za maziko na madeni, na kwa mafundisho ya Kisuni haumpi aliye mrithi tayari isipokuwa warithi wengine wakiridhia baada ya kifo. Hapo fungu la mume na la watoto yamekwisha kupangwa, na theluthi hutumika kwa wasiorithi, kama vile mtoto wa kambo au uliyemlea. Katika mifumo yote hii madeni hulipwa kwanza. Kumwachia mtu nyumba yenye mkopo bila kusema mkopo unalipwa na fungu lipi ni kumwachia deni.

Wosia mpya uanze kwa kusema kwamba unafuta wosia na nyongeza zote za awali. Taja majina kamili na tarehe za kuzaliwa. "Mwanangu mkubwa" ni neno linaloweza kubishaniwa. Gawa kwa sehemu kuliko kwa kiasi, kwa sababu kiasi kilichoonekana kikubwa leo kitakuwa kidogo baada ya miaka kumi, au kitameza mali yote kama hali imeharibika. Kitu mahususi kikishauzwa, fungu lake hufa nacho: ukiandika binti apate gari lenye namba fulani na ukaliuza, hapati fedha zake. Weka mbadala kwa kila jina, la mrithi, la msimamizi na la mlezi. Weka sharti kwamba mrithi awe hai siku 28 au 30 baada yako, ili mume na mke wakipata ajali moja mali isipite mikono miwili kwa wiki moja. Na usisahau kifungu cha mali yote iliyobaki. Bila hicho, kila ulichonunua baada ya kuandika kinagawanywa kana kwamba hukuwa na wosia.

Siku ya kutia saini, chapa upya ukurasa wenye kosa hata la herufi moja, usilirekebishe kwa mkono. Kurasa ziwe na namba, "ukurasa wa 1 kati ya 5" na kuendelea, na utie herufi za jina lako chini ya kila mmoja. Mashahidi wote wawili wakae chumbani tangu unapoishika kalamu hadi wa mwisho atakapomaliza. Anayetoka kupokea simu katikati ameharibu shughuli. Waandike majina kamili, kazi na anwani. Wanaorithi wasiwemo chumbani, hata kama hawasemi kitu, ili asije mtu kudai ulishinikizwa. Kama afya yako ina mashaka yoyote wakati huo, pata barua ya daktari ya wiki ileile inayosema akili yako ni timamu. Baada ya hapo usitoe pini iliyoshika kurasa, hata kwa ajili ya kutoa nakala: matundu ya pini yasiyolingana hufanya msajili aulize kama kuna ukurasa uliotolewa.

Mahali pa kuuhifadhi pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mahakama inataka wosia wenyewe, nakala ni njia ngumu. Chini ya mtindo wa Uingereza, wosia ulioonekana mara ya mwisho mikononi mwa mwenyewe na usipatikane alipofariki huchukuliwa kwamba aliuharibu kwa makusudi, na warithi wake ndio watabeba kazi ya kuthibitisha vingine. Uweke kwa wakili, kwenye ofisi ya serikali inayohifadhi wosia kama nchi yenu inayo, au kwenye sanduku lisiloshika moto ambalo msimamizi analijua. Sanduku la benki linalofunguliwa na wewe peke yako halifai, maana huenda likahitaji kibali kinachotokana na wosia ule ule uliomo ndani. Nywila za simu na akaunti zako zisimo kwenye wosia, kwa kuwa ukishafikishwa mahakamani unaweza kusomwa na yeyote. Ziandike kwenye bahasha tofauti.

Upitie tena kila miaka mitatu hadi mitano, na mara moja panapotokea kuzaliwa kwa mtoto, ndoa au talaka ya mtu yeyote aliyetajwa, kifo cha msimamizi, kununua au kuuza nyumba, au kuhamia nchi nyingine.

Kuna watu ambao wosia wa kujiandikia unawatosha: mwenzi mmoja, watoto wazima, mali chache, hakuna ugomvi. Wewe humo. Una ndoa mbili, mtoto mwenye ulemavu na nyumba ya majina mawili, na kila kimoja peke yake kinatosha kukupeleka kwa wakili wa mirathi wa nchi unayoishi. Nenda na nakala ya hati ya nyumba, cheti cha ndoa na cha talaka, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za fomu za bima na pensheni, orodha ya madeni, na wosia wa zamani wenyewe. Muulize hasa: ndoa yangu iliufuta huu? Umiliki wetu ni wa aina gani? Amana ya mwanangu itaandikwaje ili asipoteze msaada anaostahili?

Wosia huo wa zamani usiuchane kwa sasa, na usimruhusu mtu mwingine auchane. Kama unaishi mahali ambapo ndoa haikuufuta, ndio pekee ulio nao hadi mpya utakapotiwa saini, na ukiuharibu leo watoto watabaki na jedwali la sheria peke yake. Uweke ulivyo, na ule mstari wake, umwonyeshe wakili. Fomu za pensheni na bima zianze wiki hii.